Mche wa Penseli

Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Asubuhi jua lilikuwa la kuchoma kisogo. Saa nane mawingu yakapanda, saa tisa mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Sasa imepungua, inadondoka tu kwenye migomba.

Mvua hiyo ndiyo iliyonifungia ndani na binti yangu Shantel, ambaye shuleni wamempa kazi ya kuchora shamba kwa penseli. Alichofanya ni kufungua simu yangu, akatafuta picha ya shamba, akaweka karatasi juu ya kioo na kufuatisha laini. Lilikuwa shamba lenye ghala kubwa jekundu na chombo cha kuzungushwa na upepo, kitu ambacho huku Butere sijawahi kukiona. Nikamuuliza, "Hili ni shamba la nani?" Akasema, "La kwa simu, Mum." Nikamuuliza kama ng'ombe wa hapo wana majina. Akaniangalia, kisha akamwangalia nyanya yake, yaani Mama yangu, ambaye yuko kwangu wiki hii akingoja kliniki ya macho. Alikuwa anatafuta nani amwokoe. Lakini nisimwonee mtoto. Laini zake zimenyooka kuliko zangu za wakati ule.

Sijui kama haya ninayoandika yatasomwa na mtu. Kama wewe ni wa rika langu, utanielewa bila mimi kueleza sana. Sisi tuliosoma miaka ya tisini, penseli ilikuwa mali. Ilikatwa katikati kwa wembe, nusu yako, nusu ya mtoto wa jirani, na ikifupika mpaka haishikiki unaichomeka kwenye ganda la biro iliyoisha, maisha yanaendelea. Raba ilikuwa kipande cha patapata kilichokatwa upande wa kisigino. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na patapata zilizomegwa, na wazazi wakawa wanauliza ni panya gani hawa wanaopenda malapa.

Tulienda shule miguu peku, umande ukitulowesha mpaka magotini. Trekta za miwa zilipopanda kilima zilipunguza mwendo, nasi tukazikimbilia nyuma kuchomoa muwa, turnboi, msaidizi wa dereva, akitutukana huku anacheka. Mchana tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kila mtu alijua mama wa nani huweka chumvi na wa nani husahau. Jioni ilikuwa kalongolongo, tunapika udongo kwenye vifuniko na kumlazimisha mdogo kuwa mtoto anayelia. Watoto wa leo ukiwaambia wapike udongo watakuuliza kama una chaji. Lakini nisije nikadanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Funza walitutoboa vidole, na kiboko hakikuuliza kama umeelewa.

Mwalimu wetu wa sanaa aliitwa Mwalimu Makokha. Kabla yake sote tulichora nyumba moja: madirisha mawili, jua lenye meno, na bomba la moshi juu ya paa. Alikuwa anapita kati ya madawati anainua karatasi moja moja. "Hii nyumba iko wapi? Nipeleke nikanywe chai." Darasa linacheka, mwenye nyumba anajificha. Kisha anasema yale maneno yake, ambayo mimi nilikwenda nayo nyumbani nikamsomea kila mtu kutoka kwenye daftari: "Chora unachokiona, si unachokijua." Alitufundisha kwamba kilicho karibu kiwe kikubwa na cheusi, kilicho mbali kiwe kidogo na chepesi, na kivuli kipakwe kwa upande wa risasi ya penseli halafu kisuguliwe kwa kidole kikavu.

Nilipokuwa darasa la sita, alisema picha za shamba zitachaguliwa zipelekwe kwenye maonyesho Kakamega. Alinipa karatasi moja ya manila, akaniambia niirudishe Jumatatu, na nisiifungie chapati.

Jumamosi hiyo nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, nikachora shamba letu. Nilianza na kilichokuwa karibu: kisiki ambacho Kukhu alianikia muhogo. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi, naye alikuwa mama wa Baba, anaishi nyumba yake hapo hapo bomani. Nikachora ghala lililoinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Nikachora ng'ombe wetu Nambaka na ile pembe yake moja iliyopinda kushuka chini. Mbali kabisa nikaweka miwa, nyepesi, karibu isionekane. Katikati nikamweka Mama, ameinama kwenye mpaka wa shamba na kilemba chake, amevaa gamboti za Baba. Baba alikuwa anafanya kazi Nairobi, na alikuja kila Disemba kwa treni, kwa hiyo gamboti zake Mama ndiye aliyezivaa mwaka mzima.

Mgongo ulikubali. Kilemba kilikubali. Mikono ikakataa. Nilichora vidole vikatoka kama uma, nikafuta. Nikachora tena vikatoka kama kuni, nikafuta, mpaka manila ikaanza kuota manyoya. Niliogopa itatoboka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba majani ni rahisi. Nikachora mche wa lusiola, ule mti wa maua ya njano unaopandwa mipakani, majani yake yakaangukia ngumi za Mama na kuzifunika zote. Kisha nikaona mche bila shimo ni upuuzi, nikachora shimo, na kando yake kichuguu cha udongo, na udongo nikautia kivuli vizuri sana.

Kukhu alikuja jikoni kuomba moto, na kigae chake mkononi. Akachukua kaa moja jekundu, akaona karatasi, akainama.

"Huyu si Nambaka?" Alisema kwa Kimarama, mimi naandika kwa Kiswahili tu. "Wooi, ona pembe! Na hili ghala langu, hata lilivyochoka umelichora. Na kisiki changu! Mwanangu, hivi mtu anaweza kukaa hapa?"

Nilifurahi sana. Kidole chake kikatembea kwenye karatasi kama mtu anayezunguka boma lake jioni, kikafika kwa Mama, kikasimama.

"Ameshika nini?"

"Mche, Kukhu. Wa lusiola."

"Anafanya nini nao?"

"Anapanda," nikasema.

Kigae kilianguka. Kaa likaviringika mpaka kwenye majivu.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Zamani kwetu mwanamke hakupanda mti. Alipanda mahindi, maharagwe, viazi, alipalilia miche ya mumewe na kuimwagia maji kiangazi chote, lakini mkono wa kusimamisha shina kwenye udongo ulikuwa wa mwanamume. Mti ulikuwa alama ya mwenye ardhi. Mwanamke akiupanda, walisema, anamwita mumewe kaburini. Wengine wanasema wanaume walitunga hayo ili ardhi isiwaponyoke. Sikusoma mbali, siwezi kuamua. Ninachojua ni kwamba siku ile uso wa Kukhu ulibadilika, na haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona nyoka kitandani.

Akatoka bila shali. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikamwona anashuka mpaka mwisho wa shamba, anaanza kufunua maharagwe kwa fimbo, mstari kwa mstari, akitafuta mche ambao haukuwepo duniani. Aliutafuta pale pale nilipouchora.

Mama akarudi kutoka posho mill, unga kichwani, akamkuta mama mkwe wake amelowa katikati ya maharagwe.

"Mama, umepoteza nini?"

"Wewe Mkisa, niambie wewe." Mama alizaliwa Kisa, na Kukhu alimwita hivyo siku zote, siku nzuri na siku mbaya. "Umeuficha wapi?"

"Nimeficha nini?"

"Mti."

"Mti gani, mama?"

"Mtoto amekuona! Amekuchora!"

Wakaja jikoni wote wawili, Mama bado na unga kichwani kwa sababu hakuna aliyemsaidia kuutua. Akaangalia picha. Nikaona ameelewa kila kitu kabla hajaniuliza.

"Awinja, uliniona wapi nikipanda mti?"

"Sikukuona."

"Hukumwona?" Kukhu akanigeukia. "Si ni wewe ulinisomea maneno ya mwalimu wenu? Mnachora mnachokiona! Pembe ni ya kweli. Ghala ni la kweli. Hata gamboti za mwanangu ni za kweli. Uongo ni mti peke yake?"

Hilo ndilo lilinichoma, kwamba kadiri nilivyochora vizuri ndivyo nilivyomfunga Mama. Kama ningechora ile nyumba ya bomba la moshi, hakuna mtu angeamini chochote.

Kukhu akasema kesho baada ya kanisa atawaita ndugu za Baba wa ukoo wakae kikao. Nilijua maana yake. Mama mmoja jirani yetu alikuwa amekalishwa hivyo kwa jambo dogo kuliko hilo, na jioni tulimwona barabarani na sanduku kichwani akirudi kwao, watoto wake wamesimama getini bila kujua wamfuate au wabaki. Nikaona Kisa, nikaona sanduku la Mama lile la bati la bluu.

"Mama, sijapanda," Mama akasema taratibu. "Nikiapa utaniamini?"

Kukhu akainamia picha tena.

"Ni mikono!" nikapiga kelele huku nalia. "Ni mikono, Kukhu! Sijui kuchora mikono! Niliweka majani juu!"

"Mikono?" Kukhu akanyoosha yake. "Mikono si hii? Mtu ameweza ng'ombe na pembe yake, atashindwaje na mikono?"

"Inanishinda."

"Basi chora yangu. Hapa. Nione."

Akanawa kabisa, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini na kutazama mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikafungua nyuma ya daftari. Nilichora huku machozi yanadondokea karatasi, na nilijitahidi kwa roho yangu yote, maana nilifikiri nikichora vizuri ndipo Mama ataokoka. Kumbe ilikuwa kinyume. Nikampa.

Aliiangalia. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hii ni nini?"

"Mikono yako, Kukhu."

"Hii ni mihogo."

Mama akauma mdomo.

"Na hiki kidole kimetoka wapi? Mungu alininyima hiki. Mkisa, njoo uone. Njoo uone mtoto wako alivyonitengeneza!"

Mama akainama na ule unga, akaangalia, akajaribu kujizuia akashindwa. Gunia likaanza kutikisika kichwani. "Mama, hata mihogo ina nafuu," akasema. "Huu wa kushoto ni chura."

"Chora tena!" Kukhu akaamuru. Nikachora tena. "Sasa ni kiatu!" Wakacheka mpaka Kukhu akashika nguzo ya mlango, na Mama hatimaye akatua unga mwenyewe, akaketi sakafuni. Mimi nilikuwa naona aibu na raha kwa pamoja, kitu ambacho mpaka leo sijui kinaitwaje.

Kisha nikagundua Kukhu hacheki tena, ingawa mabega yalikuwa bado yanatikisika.

Akatuambia. Alikuwa bibi arusi mpya hapo bomani, Baba akiwa bado tumboni, alikula avokado shambani akadidimiza kokwa kwa kisigino, bila kuwaza. Likaota. Alipoliona limetoa majani alilipenda, akalizungushia vijiti mbuzi wasile. Msimu huo huo mumewe, Kuka yetu, yaani babu, ambaye sikuwahi kumwona, akashikwa na tumbo akafa. Watu waliung'oa ule mche. Hakuna aliyemshtaki wazi, ila siku ya mazishi alipokuwa analia, shangazi mmoja wa mume alisema, naye akasikia: "Mwacheni, anakula alichopanda."

"Mimi sikuwa nakukasirikia wewe, Mkisa," akasema. "Nilimhofia mwanangu. Yuko mbali, na mabasi yale ya Nairobi."

Mama akasogea karibu naye. "Mama, tumbo ndilo lilimuua."

"Unajuaje?"

"Sijui," Mama akasema. "Lakini kokwa haliui mtu."

Kukhu akaangalia mvua. "Labda," akasema. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilijua neno hilo lilikuwa limetoka mbali sana.

Ndugu za Baba hawakuitwa. Jumapili baada ya kanisa Kukhu alikuja na jembe, akakaa mbele yangu, akashika mpini kwa mikono miwili. "Futa huo mti. Halafu uchore mpaka ujue." Nikafuta kwa patapata, mche ukaondoka pole pole, ukabaki kama moshi, kisha ukaisha. Mchana kutwa alikaa hapo. Nzi wakimtua aliwapuliza tu, asisogeze mkono. Maharagwe yake ya kupukuchua alimwachia Mama. Ilipofika saa ya kukamua, nilikuwa nimeiweka mikono kwenye manila, nayo haikuwa mihogo.

Jumatatu Mwalimu Makokha aliiangalia mpaka darasa likaanza kupiga kelele.

"Awinja, mama yako ana umri gani?"

Ndipo na mimi nikaona. Mgongo ulikuwa wa mwanamke kijana. Mikono ilikuwa na mishipa iliyosimama na vifundo vya miaka mingi.

"Nilichora nilichokiona, Mwalimu," nikasema.

Aliipeleka Kakamega hivyo hivyo. Haikurudi, wala hatukusikia kama ilishinda au ilipotea. Simlaumu mtu, siku hizo karatasi zilipotea tu, na pengine hata haikuwa nzuri kama ninavyoikumbuka.

Kukhu alikufa kabla simu za picha hazijafika kwetu. Imebaki picha yake moja, ile ndogo ya kitambulisho inayoishia mabegani. Shantel ana picha zake nyingi kuliko mahindi ya gunzi, nyingine za chakula, na sioni ubaya, ila sijawahi kuona mtu akikaa mbele yake mchana kutwa bila kusogea kwa sababu anataka huyu mtoto ajue kitu. Sijui kama ni kosa lake au letu. Mimi mwenyewe leo nilikuwa na alasiri nzima ya mvua, na badala ya kukaa mbele yake nilikuwa napanga vyombo.

Na mambo mengine ni bora sasa, lazima niseme. Siku hizi wanawake wanapanda miti, wanauza miche barabarani, chifu mwenyewe anawapigia makofi. Kikundi cha wanawake cha Mama kiligawia kila mwanachama mche. Mama akauleta nyumbani ndani ya pakiti ya maziwa, akauweka barazani, akawa anaumwagia maji kila asubuhi, wiki zikapita, mpaka mdogo wangu wa kiume alipokuja kutoka Eldoret, ndipo Mama akamwambia autie shimoni. Wenzake Mama wa kikundi wote walikuwa wameshapanda yao wenyewe. Wakati huo Baba alikuwa bado hai, amestaafu, anaota jua.

Leo, baada ya kumsimulia Shantel habari hizi, naye akauliza kwa nini nisingetafuta tu mikono kwa simu, nilimgeukia Mama nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Mama, ule mche wa kikundi. Kumbe na wewe unaamini hayo?"

Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa.

"Siamini," akasema. "Lakini nilijua baba yenu atakufa siku moja, kama watu wote. Sikutaka afe halafu mtu akumbuke kokwa la mama yake."

Baba alikufa kwa kisukari, kitandani kwake, na ni kweli, siku ya mazishi hakuna aliyetaja mti wowote, wa Mama wala wa Kukhu.

Jioni tumekula obusuma, yaani ugali, na mrenda uliochanganywa na kunde, pamoja na omena, na Shantel ameongeza sahani ya pili.